Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji ni Nani?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaitumia kwa utani, hasa pale kuku aliyekuwa akisubiri sikukuu anapochinjwa kwa sababu shemeji amefika bila taarifa. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba ndani yake mna sharti. Haisemi mgeni njoo, mgeni astarehe. Yasema mgeni akija, mwenyeji ndiye apone.

Leo nataka tuipime methali hiyo mahali ambako wageni kutoka mbali wamekuwa wakija kwa zaidi ya miaka 130, nako ni Ngorongoro, pamoja na mji wa Karatu ulio chini yake. Swali langu ni dogo: katika muda wote huo, kitanda alicholalia mgeni kilikuwa cha nani?

Pengine utaona kwamba nimeacha mambo makubwa na kushika madogo. Dunia inapoitaja Ngorongoro hutaja kifaru, simba, na ile kreta yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 260 na kina cha mita zipatazo 600. Hayo yameandikwa na yataendelea kuandikwa. Historia ya kitanda haiandikwi. Lakini fedha za utalii, uzipigie hesabu utakavyo, nyingi hubaki pale mgeni anapolala na kula. Kwa hiyo anayetaka kujua ni nani aliyepona, na aanze na kitanda.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Katika Kiswahili chetu cha Bara, hoteli ni mahali pa kula. Mtu akikuambia mchana twende hotelini, ana maana ya wali na maharage. Mahali pa kulala ni gesti, au kwa lugha ya vibao vya barabarani, nyumba ya kulala wageni. Neno moteli tumelichukua kwa Wamarekani, na maana yake ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kila mlango ukitazama uwanja wa magari. Karatu ina vyote hivyo, na juu yake ina hoteli kubwa za kitalii ambazo bei ya usiku mmoja yaweza kumlipia mtoto ada ya shule.

Hivi karibuni nilikaa siku nne katika moteli mojawapo mjini humo inayoendeshwa na familia. Jina lake sitalitaja, maana kipindi hiki si cha matangazo. Ina vyumba kumi vya mstari, na nyuma yake, kupita migomba na mibuni michache, kuna vijumba vinne vya duara vilivyoezekwa vizuri, kila kimoja na kibaraza chake. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni katika pipa lililojengewa nyuma ya jiko. Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba baridi yake haina mchezo, kwa hiyo kila kitanda kina mablanketi mawili mazito. Chakula hupikwa na mama mwenye nyumba na binti yake. Mama huyo ni Mwiraqw, umri wake unakaribia miaka 80. Madereva wote humwita bibi, naye huwaita wajukuu na kuwagombeza wasipomaliza ugali.

Mezani pa mapokezi pana kitabu cha wageni. Ukilala gesti yoyote nchini mwetu unakijua kitabu hicho: jina, kabila au taifa, kazi, utokako, uendako, sahihi. Niliomba ruhusa nikakipekua. Katika safu ya kazi nilikuta dereva, dereva, mpishi, dereva, mwalimu na wanafunzi wake, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Mang'ola, fundi wa magari, mtalii, mtalii, dereva. Kitabu hicho kilinifundisha kuhusu utalii mambo ambayo sikuyaona katika picha za matangazo. Nyuma ya kila mgeni anayelala katika hoteli kubwa wapo watu wawili au watatu waliomfikisha, nao pia lazima walale mahali. Wengi wao hulala kwa bibi na kwa wenzake wa aina yake.

Sasa turudi nyuma.

Kabla ya gesti yoyote kulikuwa na boma. Kwa desturi ya Wamaasai, msafiri anayefika boma asilolijua hakosi pa kulala, kwani huulizia nyumba ya mtu wa rika lake. Rika ndilo hati yake ya kusafiria. Hakuna malipo, ila deni la kumpokea mwenzako siku atakapofika kwako. Lakini hata Wamaasai hawakuwa wa kwanza. Kabla yao nyanda za Ngorongoro zilikaliwa na Wadatoga, ambao walisukumwa kusini katika karne ya kumi na tisa, na ambao hadi leo wanayo makaburi ya wazee wao ndani ya kreta. Na Wairaqw, ambao leo ndio wengi Karatu, walienea huko kutoka nchi yao ya asili milimani Mbulu, wengi wao katika karne ya ishirini. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba natafuta mwenyeji aliyeota ardhini kama mti. Huku kwetu kila mwenyeji alikuwa mgeni siku moja. Kinachomfanya mtu kuwa mwenyeji ni kukaa, kulima au kuchunga, kuzika, na kupokea wanaokuja baada yake.

Mzungu wa kwanza ambaye maandishi yake yanaonyesha kwamba aliingia kreta ni Oscar Baumann kutoka Austria, mwezi Machi 1892. Alifika na msafara mkubwa wa wapagazi. Alifika wakati gani? Wakati sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Wamaasai na ndui ikifuatia. Aliwakuta wenyeji wamekonda, wakizunguka kambi yake kutafuta chochote cha kutia tumboni. Tazama basi jinsi historia ya wageni Ngorongoro ilivyoanza. Mgeni alikuwa na chakula, mwenyeji hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumkaribishia. Mgeni alipiga hema lake mwenyewe, akaondoka, akaandika kitabu. Mwenyeji hakupona.

Nyuma yake wakaja walowezi. Ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walijimilikisha mashamba ndani ya kreta yenyewe, wakajenga nyumba, wakafuga ng'ombe. Nyumbu waliwaona kuwa ni usumbufu kwa malisho. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na magofu yakabaki. Baada ya vita Waingereza wakashika nchi, na katika miaka ya 1930 zikajengwa nyumba za kwanza za wageni kwenye ukingo wa kreta, zilizokuwa za magogo kwa ajili ya wawindaji na watazama wanyama. Hapo ndipo hoteli ya Ngorongoro Crater Lodge ilipoanzia. Mgeni sasa alikuwa na kitanda cha kudumu. Mwafrika katika mahali hapo alikuwa mpishi, mbeba mizigo, mfua nguo na mwonyesha njia. Hakuwa mwenye nyumba.

Chini yake, kwenye miteremko ya Oldeani na Karatu, hadithi ilikuwa ya kahawa. Walowezi Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920 wakafungua mashamba kwenye udongo ule mwekundu wenye rutuba. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini kama raia wa adui, na mashamba yakawekwa chini ya mdhamini wa serikali. Shamba moja lililoanzishwa mwaka 1929 lilinunuliwa mwaka 1948 na Mwingereza aliyekuwa askari vitani, James Gibb. Alilima kahawa, akaoa, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakafungua vyumba vya wageni katika shamba lao. Wageni walilala katika vijumba ndani ya bustani, wakala mboga zilizochumwa hapo hapo. Watu wengi hupajua hadi leo kwa jina la Gibb's Farm.

Nataka tuutazame mfano huo kwa haki. Ilikuwa nyumba ya familia, ya kawaida, isiyo na fahari, na ilionyesha jambo moja: kwamba mgeni aendaye Ngorongoro si lazima alale ukingoni mwa kreta. Anaweza kulala Karatu, akanywa kahawa ya Karatu, na asubuhi akapanda mlima. Wazo hilo ndilo lililokuja kuujenga mji. Lakini mwaka ule wa 1972, ni Mtanzania gani mwenye ngozi nyeusi angeweza kulifuata?

Hapa lazima tusimame kidogo kwenye siasa.

Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wafugaji walikuwamo pia. Ubishi ukawa mkubwa, na mwaka 1959 eneo likagawanywa. Wamaasai wakatoka Serengeti, na Ngorongoro, yenye zaidi ya kilometa za mraba 8,000, ikafanywa eneo la pekee ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamaasai mwaka huo kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia. Ahadi hiyo wazee wa huko wanaikumbuka kama tunavyokumbuka deni. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena. Mwaka 1979 UNESCO ikaiingiza Ngorongoro katika orodha ya Urithi wa Dunia. Dunia yote ikawa na haki ya kuja kutazama, na aliyekuwa akiishi pale akaanza kuulizwa amefuata nini.

Wakati huo huo nchi ilikuwa imechagua Ujamaa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa na miiko ya uongozi, na mmoja wa miiko hiyo ulisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Wala haikutosha kuiandika kwa jina la mke, kwani Azimio lilieleza wazi kwamba kiongozi ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Na viongozi hawakuwa mawaziri tu. Mwiko uliwafikia watumishi wa serikali na wa mashirika ya umma wa ngazi ya kati na ya juu. Kisha mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, ambayo iliiwezesha serikali kuchukua jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sikusudii kuyabeza mambo hayo. Yalikuwa na maana yake: kuzuia tabaka la makabaila wa nyumba. Lakini tukumbuke na upande wa pili. Katika mji mdogo kama Karatu, watu waliokuwa na mshahara wa kutosha kununua bati na saruji ndio hao hao waliokatazwa kujenga chumba cha kumlaza mgeni kwa malipo.

Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza gazetini swali ambalo bado halijazeeka. Nchi inayojenga Ujamaa itawezaje kutumia fedha zake nyingi kujenga hoteli za watalii? Je, hatutafuga taifa la wahudumu, wenye kuinama na kupokea bakshishi? Wengine wakawajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni, na kwamba mbuga hazili watu. Barua zikafuatana, na mwaka 1973 Issa Shivji akazikusanya katika kitabu kilichochapwa na Tanzania Publishing House. Pande zote mbili zilisema mambo ya maana. Ila, kwa maoni yangu, zote zilikuwa zinafikiria hoteli kubwa. Mabishano yalikuwa baina ya hoteli kubwa na kutokuwa na hoteli. Chumba cha mama wa Karatu hakikuwa katika hesabu.

Serikali ikajenga. Shirika la Utalii, TTC, likawa na hoteli ukingoni Ngorongoro, juu ya Ziwa Manyara, Lobo na Seronera. Yalikuwa majengo ya kujivunia, na Watanzania wengi walijifunza humo kazi ya hoteli. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili mgeni ashukie kwetu. Lakini wengi waliendelea kushukia Nairobi, wakaletwa na magari madogo ya kampuni za huko, wakalala Ngorongoro usiku mmoja au miwili, wakarudi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakufa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo sita vitanda vya serikali vilikaa vikingoja wageni. Vipuri vilikosekana, mabomba yakavuja, mashuka yakachakaa, na kule Karatu barabara ikabaki ya vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika.

Bibi yule wa moteli aliniambia habari za miaka hiyo. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi wa ngazi ya kati katika shirika la umma. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza uji na maandazi kando ya barabara. Nilimuuliza, "Mama, kwa nini hamkujenga gesti wakati ule?" Akacheka. "Mwanangu, mume wangu angefukuzwa kazi. Magari yalikuwa yanaharibika hapa mbele, watu wanalala ndani ya gari kwenye baridi. Nikiwapelekea uji asubuhi nawakuta wanatetemeka. Tulikuwa na chumba kimoja cha wageni, wa ukoo. Tuliwalaza humo bure. Kulipisha ndiyo ilikuwa kosa."

Neno hilo la mwisho lilinikaa. Ukarimu uliruhusiwa, biashara ya ukarimu ikakatazwa, na matokeo yake ni kwamba ufundi wa kumpokea mgeni ulibaki bila chombo cha kuuendeleza.

Mambo yalibadilika Februari 1991, kwa maamuzi yaliyofanyika Zanzibar ambayo watu huyaita Azimio la Zanzibar. Miiko ililegezwa, na mwanachama wa CCM akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Wapo waliolilaumu sana Azimio hilo, na si bila sababu, maana wakubwa walipata mlango wa kujilimbikizia mali. Lakini mlango ukifunguliwa hupita na wadogo. Mwaka 1993 mume wa bibi alistaafu, na kwa kiinua mgongo chake wakajenga vyumba vinne vya matofali ya kuchoma. Hawakuwa peke yao. Serikali yenyewe ilikuwa inajitoa katika biashara ya hoteli. TTC ilivunjwa, Bodi ya Utalii ikaundwa, na hoteli za umma zikaanza kukabidhiwa kampuni binafsi. Katikati ya miaka ya 1990 Karatu ikatengwa na Mbulu ikawa wilaya. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, barabara ya kilometa 77 kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ikawekwa lami.

Lami hiyo ndiyo iliyoumba mji tunaouona leo. Zamani aliyelala Karatu alikuwa ameharibikiwa. Baada ya lami aliyelala Karatu alikuwa amepiga hesabu. Kutoka mjini hadi lango la Lodoare ni kama nusu saa kwa gari. Anayelala ndani ya eneo la hifadhi hulipa tozo za kulala humo, na hoteli za ukingoni ni chache kwa sababu ukingo wenyewe ni mwembamba na haustahimili majengo yasiyo na mwisho. Kwa hiyo mgeni wa kipato cha kati, mwanafunzi, familia ya Kitanzania, na hasa dereva na mpishi, wote walishuka Karatu. Bibi na mumewe wakaongeza vyumba hadi kumi. Mwaka 2006 kijana wao akajenga kijumba cha kwanza cha duara, akakijaribu kwa wageni, akaongeza vitatu.

Sasa tufuate shilingi moja inayolipwa katika moteli hiyo. Maharage yanatoka kwa jirani. Vitunguu vinatoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Maziwa huletwa asubuhi kwa baiskeli. Mashuka hufuliwa na akina mama wawili wa mtaa ule ule. Kuni, kwa bahati mbaya bado ni kuni, hununuliwa kwa mwenye shamba la mikaratusi. Halmashauri inachukua ushuru wake. Mjukuu mmoja wa bibi anasoma chuo cha ualimu kwa fedha hizo. Sisemi kwamba hoteli kubwa hazileti kitu. Zinaajiri, zinalipa kodi kubwa, na zipo zinazonunua mboga za wakulima wa Karatu. Ila mgeni wa hoteli kubwa mara nyingi amekwisha kulipia kila kitu kabla hajapanda ndege, na sehemu ya malipo hayo haipandi ndege pamoja naye.

Kuna na jambo la heshima. Katika siku zile nne nilikwenda kumwona mtu katika hoteli moja kubwa ya maeneo hayo. Mlinzi getini, kijana wa Kitanzania kama mimi, aliniangalia akasema kwa upole, "Kaka, madereva wanapitia mlango wa nyuma." Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefundishwa na macho yake: Mwafrika anayefika pale ni dereva. Kwa bibi hakuna mlango wa nyuma. Mtalii kutoka Uholanzi na dereva wake hula meza moja, kwa sababu meza ni moja.

Lakini nisipambe. Nyumba hizi za familia zina shida zake, na nyingine ni za hatari. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wapatao milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa ajili ya UVIKO-19, wakashuka hadi kama 620,000. Hoteli kubwa zilikuwa na benki za kuzungumza nazo. Bibi alikuwa na ng'ombe watatu, akauza wawili. Watalii waliporudi, na mwaka 2023 wakapita milioni 1.8, walirudi kwa njia ya mawakala, na mawakala hutaka punguzo kubwa na hulipa wanapojisikia. Kijana wa bibi alinionyesha daftari la madeni. Kampuni moja ilikuwa haijalipa vyumba vya miezi mitano, na wakati huo huo bili ya umeme haingoji. Zaidi ya hapo wapo wanunuzi wa viwanja. Kila ardhi inayotazama msitu ina mtu wa kuiulizia, na bei anayoitaja huwafanya vijana wasilale. Ukoo ukiuza, fedha huisha baada ya miaka michache, na mtoto wa aliyekuwa mwenye nyumba hurudi pale pale kuomba kazi ya ulinzi.

Na juu mlimani swali la mwenyeji ni zito zaidi. Mwaka 1959 wakazi wa Ngorongoro walikadiriwa kuwa kama 8,000. Miaka ya karibuni wamepita 100,000. Serikali ikasema eneo limeelemewa, na tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni, zikapewa nyumba na mashamba. Serikali husema wanahama kwa hiari. Wapo wakazi wanaosema huduma zilipunguzwa mpaka hiari ikakosa maana, na mwezi Agosti 2024 maelfu waliandamana kando ya barabara ile ile wapitayo watalii. Siwezi kulimaliza jambo hilo katika dakika zangu hizi. Ila nasema hivi: kama wingi wa watu unapimwa, basi na wingi wa vitanda na magari upimwe kwa mizani hiyo hiyo. Haiwezekani mwenyeji pekee ndiye aonekane kuwa mzigo katika nchi yake, na mgeni ndiye aonekane kuwa pambo.

Ndugu msikilizaji, nilikwambia kwamba methali yetu ina sharti. Tukiipitisha katika historia hii tunaona kwamba mwaka 1892 mwenyeji hakupona. Wakati wa walowezi alipona kwa mshahara wa mtumishi wa ndani. Wakati wa Ujamaa lilipona shirika, kwa muda, na nchi ikapata mafundi wa hoteli. Ni katika hii miaka 30 na kitu tu ambapo mama aliyekuwa akiuza uji kando ya barabara ameweza kumpa mgeni ufunguo wa chumba kilicho chake. Hilo si jambo dogo, na halikuja lenyewe. Liliwezekana kwa mabadiliko ya sheria na kwa lami, na kwa kiinua mgongo ambacho hakikunywewa pombe. Mambo yaliyoletwa na sheria na barabara yanaweza pia kuondolewa na sheria na barabara.

Kwa hiyo wenye mamlaka wanapokaa kupanga utalii, wasihesabu hoteli kubwa pekee. Wawaulize na wenye vyumba kumi. Ushuru na leseni vilingane na ukubwa wa biashara. Makampuni ya utalii yalipe madeni yao kwa wakati, kwani kumlaza mtu nyumba ya mama kwa mkopo usiolipwa ni wizi hata kama una mhuri. Familia zenye ardhi Karatu zifikirie kukodisha au kuingia ubia kabla ya kuuza. Na sisi Watanzania tuache kuitazama Ngorongoro kwenye kalenda. Katika viwango vya mwanzoni mwa miaka ya 2020 Mtanzania alikuwa akilipa kama shilingi 10,000 tu kuingia eneo lile, wakati mgeni wa nje akilipa dola 60 kabla ya kodi. Usafiri ni ghali, ni kweli, lakini watu kumi wakichangia gari inawezekana. Wakifika Karatu jioni walale kwa mtu, si kwa jengo.

Watakapoandika majina yao katika kile kitabu cha wageni, kwenye safu ya kazi, pale palipojaa dereva, mpishi na mtalii, waandike kazi zao: mkulima, muuguzi, fundi cherehani. Bibi aliniambia kwamba wageni wa namna hiyo huwa anawapikia mwenyewe, hata magoti yakimuuma.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.